Maswali ya Mwenye Kutafuta Kazi

Mazungumzo yetu ya leo yahusu saa moja ambayo vijana wengi huifikia mara chache tu katika maisha yao, nayo aghalabu huwakuta hawajajiweka tayari. Mtu ameandika barua ya kuomba kazi, barua imejibiwa, naye ameitwa mbele ya mwajiri ili ahojiwe, yaani amefika kwenye usaili, kama unavyoitwa siku hizi. Ameulizwa jina lake, masomo yake, kazi alizopata kuzifanya, na mengine mengi, naye amejibu kwa sauti iliyo wazi. Mwisho mwajiri hufunga faili lake, huinua macho, na kusema, "Je, wewe una swali lo lote?" Nasi twalijua jawabu litokalo katika vinywa vya wengi wetu: "Hapana, Bwana, sina swali."

Jawabu hilo ndilo tutakalolitazama jioni ya leo. Kwa nini mtu aliyesafiri usiku kucha katika basi, akaazima koti la ndugu yake, akasimama mlangoni tangu saa mbili asubuhi, hana neno hata moja la kumwuliza yule atakayekuwa bwana wake?

Sababu zake si ngumu kuziona. Nyumbani kwetu mtoto hulelewa kwa kuambiwa kwamba amwulizaye mkubwa wake maneno mengi ni mtovu wa adabu. Shuleni mwalimu ndiye aulizaye na mwanafunzi ndiye ajibuye. Tena mwenye kutafuta kazi ana haja, na mwenye haja huogopa kwamba swali moja litamkasirisha mwenye kutoa, kazi ipewe mwingine aliyeketi nje akingoja zamu yake. Woga huu hatuucheki, kwa maana watu wanaongoja nje ni wengi kweli.

Walakini tazameni desturi zetu katika mambo mengine. Mtu anunuapo mbuzi mnadani humfungua kinywa atazame meno yake, humpapasa mgongo, huuliza ametoka malisho gani na kama amepata kuugua. Kijana atakapo kuposa, mshenga huenda na kurudi mara tatu nne, na kila pande hupeleleza habari za upande wa pili hata kwa majirani. Hakuna asemaye kwamba mshenga hana adabu. Lakini mtu yule yule, siku ya kuuza nguvu zake na miaka yake, haulizi hata saa ya kutoka kazini.

Nchi hii ilikwisha kuiona hasara ya watu kwenda kazini pasipo kujua waendako. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, na baada ya miaka mashamba yake yakaenea Tanga, Korogwe, Morogoro na Kilosa. Watu wa karibu hawakutosha kwa kazi hiyo, wala wengi wao hawakuipenda, basi wenye mashamba wakawa wakitafuta watu wa mbali, wa Kigoma, wa Songea, wa Njombe, na hata wa Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wakaanzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, jina lake SILABU. Watu hao waliandikishwa kwa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba, na neno hilo bado lipo katika lugha yetu.

Hatusemi kwamba manamba walikosa akili ya kuuliza. Wengi walisukumwa na kodi, na hata wangaliuliza, aliyewaandikisha hakuwa na faida ya kuwajibu sawasawa. Lakini fikirini habari ya kipande. Mfanyakazi alipewa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa ilitiwa alama, na siku aliyougua au aliyoshindwa kuimaliza haikutiwa. Mshahara ulitolewa kadi ilipojaa. Basi mtu aliyeambiwa kwao kwamba atalipwa kiasi fulani kwa mwezi alifika shambani akaona kwamba mwezi wa shamba si mwezi wa mbinguni. Mwezi wa mbinguni huandama ukipenda usipende. Mwezi wa shamba uliweza kuchukua siku 40 na zaidi. Swali moja tu, "Mwezi wenu una siku ngapi, nao huhesabiwa namna gani?" lingaliwaonyesha jambo hilo wangali nyumbani kwao.

Leo mambo ni mengine, kwa sababu sheria yenyewe inamwamuru mwajiri ajibu. Katika Tanzania Bara iko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo yasema kwamba mtu aanzapo kazi, mwajiri atampa kwa maandishi jina lake na anwani yake, mahali alipoandikwa kazi, maelezo ya kazi yake, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi, na ujira wake pamoja na namna unavyohesabiwa. Ikiwa mfanyakazi hafahamu maandishi hayo, yampasa mwajiri kuyaeleza kwa namna atakayoifahamu. Tena ukitokea ugomvi mbele ya sheria, na mwajiri hana maandishi ya kuonyesha, ni juu yake yeye kuthibitisha walivyopatana. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005, na Kenya yake ya mwaka 2007, nazo pia zataka mambo hayo yaandikwe.

Basi mtu anayeuliza katika usaili hafanyi ujeuri. Anauliza leo neno ambalo mwajiri atalazimika kuliandika kesho. Mwajiri mwema hufurahi kuulizwa, kwa kuwa huona kwamba mtu huyu amekuja kutafuta kazi hii, si kazi yo yote tu. Na mwajiri anayekasirika kwa kuulizwa saa za kazi amekwisha kutoa habari kubwa juu ya kazi yake bila kujua.

Swali la kwanza, kwa maoni yetu, liwe juu ya kazi yenyewe, lisiwe juu ya fedha. Si kwamba fedha ni neno la aibu, bali mtu asiyeijua kazi hawezi kujua kama mshahara wake watosha. Natutoe mfano. Msichana mmoja ameomba ukarani wa ghala katika duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka amemaliza kumhoji.

"Haya, binti, umejibu vizuri. Je, una neno lo lote la kuuliza?"

"Ninalo, Bwana, kwa ruhusa yako. Je, atakayepewa kazi hii atapokea mali peke yake, au yuko mwenzake wa kuhesabu naye?"

"Peke yake. Ghala letu si kubwa."

"Na funguo za ghala hukaa kwa nani usiku?"

"Mmoja hukaa kwa karani, na wa pili hukaa kwa mdogo wangu, kwa maana wateja wengine huja alfajiri."

"Nimefahamu, Bwana. Na mali ikionekana imepungua, uchunguzi hufanywa namna gani?"

Hapo mwenye duka akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mpaka sasa karani ndiye aliyelipa."

"Je, Bwana utaona vibaya tukiihesabu mali siku ya kwanza, wewe, mdogo wako na mimi, tukatia sahihi zetu, kisha tukafanya hivyo kila mwisho wa mwezi?"

Tazameni alivyofanya binti huyu. Hakumtuhumu mtu. Hakusema kwamba mdogo wa bwana ni mwizi, wala hakutaja sheria. Lakini kwa maswali manne amejua kwamba funguo ni mbili na mlipaji ni mmoja, jambo ambalo karani aliyemtangulia huenda alilijua siku mshahara wake ulipokatwa. Tena amemwonyesha mwajiri kwamba anajua kutunza mali kuliko wote waliosema, "Mimi ni mwaminifu sana." Sheria tuliyoitaja yakubali mfanyakazi akatwe kwa hasara, lakini kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi chake, apewe nafasi ya kujitetea, akubali kwa maandishi, na makato yasipite robo ya ujira wake. Mwajiri akatabasamu au asitabasamu, swali limekwisha kufanya kazi yake.

Swali jingine la namna hiyo ni hili: "Je, aliyekuwa na kazi hii amekwenda wapi?" Likiulizwa kwa upole halina ubaya. Ikiwa amepandishwa daraja, ni habari njema. Ikiwa amestaafu, vivyo hivyo. Ikiwa kazi ni mpya, mtu aulize ni haja gani iliyoifanya ianzishwe, apate kujua atapimwa kwa lipi. Lakini ikiwa mwaka huu wamekwisha kuondoka watatu, na mwajiri asema wote walikuwa wavivu, basi mtu na afikiri sana kabla ya kuwa wa nne. Aulize pia ataamriwa na nani. Kuna mahali ambapo karani mmoja ana mabwana watatu: baba mwenye duka, mama mwenye duka, na mtoto aliyetoka chuoni. Kila mmoja humpa kazi ya siku nzima.

Sasa tuje kwenye fedha. Watu wengi huuliza, "Mshahara ni kiasi gani?" wakaridhika na hesabu iliyotajwa. Swali hilo ni nusu tu. Mwajiri anaweza kutaja shilingi 400,000, naye hasemi uongo, lakini je, ni kabla ya makato au baada yake? Katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, huwekwa asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haipiti nusu ya hiyo. Maana yake ni kwamba katika shilingi 400,000 mfanyakazi aweza kukatwa 40,000, kisha kodi ifuate. Fedha hizo za Mfuko hazipotei, ni akiba yake. Hupotea pale mwajiri azikatapo kwa mfanyakazi asizipeleke. Kwa hiyo ni halali kuuliza, "Je, wafanyakazi wa hapa wameandikishwa katika Mfuko?" Atakayepewa kazi na ajiangalizie mwenyewe, miezi miwili mitatu baadaye, kama michango yake imefika.

Aulize pia mshahara hulipwa tarehe gani, na kama ndani yake imo nyumba na nauli. Huko Kenya jambo la nyumba ni kubwa: sheria ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ifaayo au fedha za pango juu ya mshahara, isipokuwa mkataba umeeleza kwamba fedha hizo zimekwisha kuunganishwa na mshahara. Mtu akiona hesabu kubwa asifurahi kabla ya kujua kama pango limo ndani yake.

Saa za kazi tutazipitia upesi. Katika Tanzania Bara saa za kawaida ni 45 kwa juma, wala hazipiti 9 kwa siku, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Lakini jihadharini na vyeo. Masharti hayo ya saa hayawahusu wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kupeleka habari moja kwa moja kwa wakubwa wa juu. Kijana akiambiwa kwamba atakuwa "meneja", aulize atamsimamia nani. Ikiwa hana wa kumsimamia, cheo ni cha kumpendeza mama yake tu, na saa zake za ziada anapaswa kulipwa kama mwingine.

Twapenda kukaa zaidi juu ya swali moja ambalo, kwa kadiri tuonavyo, halikumbukwi kabisa, nalo ni mahali mtu alipoandikwa kazi. Mlisikia kwamba sheria yataka mahali hapo paandikwe. Watu hudhani ni neno la kujaza karatasi tu. Sivyo. Mkataba ukikoma mahali palipo mbali na pale mtu alipoandikwa, mwajiri yampasa kumrudisha yeye na vyombo vyake mpaka pale alipomtoa, au kumlipia nauli. Na kwa siku zilizo katikati ya kukoma kazi na kusafirishwa, humlipa fedha za kujikimu.

Fikirini sasa kijana wa Kasulu aliyeitwa Dar es Salaam kufanya kazi ya ulinzi. Amehojiwa Kigoma, akakubaliwa Kigoma, akapanda gari la moshi. Alipofika Dar es Salaam akapewa karatasi atie sahihi, nayo imeandikwa kwamba ameandikwa kazi Dar es Salaam. Ametia sahihi, maana tarehe na jina vilikuwa sawa. Miaka mitano baadaye kazi imekwisha, naye ana mke, watoto wawili, kitanda, kabati na cherehani. Nauli ya watu wanne na mizigo toka pwani mpaka mwisho wa reli si jambo dogo kwa mtu aliyekosa kazi jana. Neno moja, "Kigoma" mahali pa "Dar es Salaam", ndilo lililokuwa tofauti kati ya kurudi kwao na kukwama mjini. Basi mtu anayehojiwa mbali na pale atakapofanya kazi aulize waziwazi: "Bwana, katika hati yangu patatajwa mahali gani kuwa ndipo nilipoandikwa?" Jawabu likiwa la haki, ni neno la dakika moja. Na karatasi ikija, aitafute sehemu hiyo kwanza, kabla hajatazama mshahara.

Swali la muda wa majaribio nalo lina uzito wake. "Majaribio ni miezi mingapi, na mwisho wake nitapewa barua?" Katika sheria ya mwaka 2004, masharti yanayomlinda mtu asiachishwe kazi pasipo haki hayamhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6. Kenya majaribio hayapiti miezi 6, ila mfanyakazi mwenyewe akikubali yaongezwe, na yote pamoja yasipite miezi 12. Wako watu waliokaa "katika majaribio" mwaka wa pili na wa tatu kwa sababu hakuna aliyeuliza yanakwisha lini.

Yatupasa kusema kwamba si kila usaili ni sawa. Kazi za Serikali zina desturi yake. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaja ngazi ya mshahara tangu mwanzo, na wanaohoji hawana uwezo wa kuongeza hata shilingi. Kuwauliza fedha ni kuwachosha. Hapo swali jema ni juu ya kituo cha kazi, au mafunzo atakayopewa mtumishi mpya, au kazi ya idara hiyo ambayo mwombaji ameisoma akataka kuijua zaidi. Na mahali penye watu mia wanaongoja, swali moja fupi latosha.

Kwa wasichana tuna neno la peke yake. Sheria yakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito au hali ya ndoa, na katazo hilo lamlinda hata anayeomba kazi tu. Akiulizwa, "Je, unataka kuzaa lini?" anaweza kujibu kwa adabu, "Bwana, niulize juu ya kazi nitakayoifanya, nitakujibu yote." Na kabla ya kwenda kuhojiwa, aulize: "Usaili utafanyika wapi, saa ngapi, na mbele ya nani?" Usaili ufanywao chumbani kwa mtu, baada ya jua kuchwa, si usaili. Kudai mwili wa mtu ili apewe kazi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na pa kushitaki papo, katika ofisi za TAKUKURU.

Kuna safari moja ambayo maswali yake hayawezi kungoja mpaka mtu afike, nayo ni safari ya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Wasichana wengi wa bara na pwani wamekwenda Maskati na kwingineko. Wako waliorudi na fedha za kujengea wazazi wao. Wako pia waliofungiwa ndani, wakanyang'anywa pasi na simu, wakafanya kazi tangu alfajiri hata usiku wa manane. Aghalabu anayehoji si mwajiri, ni wakala tu, naye hupata fedha zake msichana akisafiri, si akipata raha huko. Kwa hiyo maneno yake yapimwe mara mbili.

Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, wasema kwamba mtumishi wa nyumbani avukaye mpaka apewe mkataba wa maandishi kabla ya kuondoka, kwamba pasi yake ikae mkononi mwake, na kwamba apumzike saa 24 mfululizo katika kila juma. Na Mkataba Namba 181 wa mwaka 1997 wasema mawakala wasiwatoze wafanyakazi ada. Si nchi zote zilizofungwa na mikataba hiyo, lakini yatupa maswali ya kumkabili wakala: Leseni yako iko wapi, niisome? Jina la mwenye nyumba ni nani, anakaa mtaa gani, na nyumba ina watu wangapi? Mkataba uko wapi, na umeandikwa kwa lugha niijuayo? Pasi yangu nitaishika mimi? Nitazungumza na mama yangu kwa simu siku gani? Nikiugua, au nikishindwa, nani atalipa nauli ya kunirudisha? Wakala akisema, "Hayo utaelezwa ukifika," basi amejibu maswali yote kwa mara moja, na jawabu lake ni baya. Twawaomba wazazi wawe pamoja na mtoto wao siku hiyo, na mzazi asiyejua kusoma amchukue jirani ajuaye.

Tumesema ya kuuliza, sasa machache juu ya namna ya kuuliza. Aandike maswali yake matatu au manne katika daftari dogo, wala asione haya kulifungua mbele ya mwajiri. Aanze na lile la kazi, amalizie na la fedha. Asiulize neno ambalo limekwisha kuandikwa katika tangazo, kwa maana ataonekana hakulisoma. Asiulize likizo kabla ya kuuliza kazi. Siku 28 za likizo ya mwaka zimo katika sheria ya Tanzania Bara, nazo hazitakimbia. Aliye mkubwa wake amwamkie "Shikamoo" aingiapo, na anapouliza atumie maneno kama "kwa ruhusa yako" na "napenda kufahamu". Lugha laini haipunguzi swali. Binti wa ghala aliuliza kwa upole, walakini mwenye duka hakuweza kulikwepa.

Kisha asikilize. Wako waulizao swali zuri, halafu mioyo yao iko mbali, wakifikiria swali linalofuata. Jawabu la kweli huwa na tarehe, hesabu, au jina la mtu ndani yake. "Mshahara hulipwa tarehe 28, na mhasibu ndiye atoaye" ni jawabu. "Usiwe na wasiwasi, sisi hapa ni jamaa moja" si jawabu, hata likisemwa kwa kicheko. Mtu akijibiwa hivyo, alirudie swali mara moja tu, kwa maneno mengine. Likikwepwa tena, aliandike katika daftari lake kuwa halikujibiwa.

Twajua msikilizaji mmoja atasema, "Mimi nina watoto wenye njaa, nitaikubali kazi hata jawabu likiwa baya." Haya, na aikubali. Hatumkatazi mtu kula. Lakini aingiaye akijua kwamba funguo ni mbili atahesabu mali kila jioni na kuandika. Ajuaye kwamba mwezi hulipwa kwa kuchelewa atapanga na mwenye nyumba wake mapema. Naye ataendelea kutafuta kazi nyingine kwa siri, badala ya kushtuka baada ya mwaka.

Barua ya kazi ikija, aketi nayo mezani pamoja na daftari lile, ayalinganishe neno kwa neno kabla ya kutia sahihi: kazi, ujira, saa, majaribio, mahali alipoandikwa. Neno likitofautiana, arudi kwa mwajiri, amwambie, "Bwana, siku ile ulisema hivi, nami niliandika, hapa naona vingine. Tafadhali tusahihishe." Nakala moja yenye sahihi mbili aiweke nyumbani, isikae katika droo ya ofisini.